Breki haikukataa: kisa cha chukudu, manyunyu na gunia la tatu

Gunia la tatu lilipasukia mtaroni, na viazi vikaendelea na safari bila chukudu. Vile vya mviringo viliteremka na barabara hadi kwenye kibanda cha muuza uniti za simu, kama mita 30. Vile bapa, vyenye umbo la sabuni iliyokwisha nusu, vilisimama palepale vilipoangukia. Watoto walifika kabla yangu, na sitasema waliokota vingapi. Mwenye chukudu alikuwa ameketi juu ya jiwe la lava, anafuta damu ya muundi kwa kipande cha gunia. Mama mdogo, mwenye viazi, alikuwa bado sokoni Virunga, lakini sauti yake ilishafika kwa simu.

Ilikuwa asubuhi ya manyunyu, kwenye barabara inayoshuka kutoka Kibumba kuingia Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, kati ya Kanyaruchinya na Munigi. Ninaishi karibu na hapo na ninafundisha fizikia sekondari, kwa hiyo wote wawili walikubaliana haraka kwamba mimi ndiye wa kuamua. "Wewe njo unafundisha mambo ya kusukuma na kuvuta," mama mdogo aliniambia. "Sema nani analipa."

Kwa msomaji asiyewahi kufika kwetu: chukudu ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, usukani mbele kama wa baiskeli, na ubao mrefu wa kuwekea mzigo. Haina pedali wala injini. Kwenye tambarare mwenyewe hupiga goti moja juu ya ubao, mara nyingi juu ya kandambili iliyopigiliwa misumari, na mguu wa pili husukuma ardhi. Kwenye mteremko husukumwa na mlima. Magurudumu ni ya mbao, yamevishwa mpira wa tairi kuukuu. Breki ni kipande kingine cha tairi kilichoning'inia juu ya gurudumu la nyuma: unakikanyaga, kinasugua gurudumu, basi. Vyakula vingi vya Goma vimefika mezani kwa chombo hiki, na pale mjini tumekijengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye ronpwe, yaani mzunguko wa barabara.

Siku hiyo ilibeba magunia matatu ya viazi, mawili chini na moja juu, kila moja kama kilo 80. Ongeza chukudu yenyewe kilo 45 na mwenyewe kilo 65: jumla kilo 350. Mbele yake taksi basi ilisimama ghafla kupakia abiria. Alikanyaga breki, chukudu haikupunguza mwendo, akakwepa kulia, akaingia kwenye changarawe ya kando ya barabara. Gurudumu la mbele lilizama, likakuta jiwe, likasimama. Gunia la juu halikusimama. Yeye aliruka pembeni.

Kesi ilikuwa na kauli tatu. Mwenye chukudu: "Mwalimu, breki nilikanyaga yote. Njo ikakataa." Mama mdogo: hukufunga vizuri, tena uliweka gunia zito kuliko yote juu. Dereva wa taksi basi, ambaye hakuwa ameulizwa: mzigo wa hivyo lazima ukuvute, ungebeba nusu.

Ningeweza kutoa hukumu palepale, ubaoni nimezoea. Lakini nilikuwa sijui jambo moja la msingi: breki ile ina nguvu kiasi gani? Nilikuwa nimeishi na chukudu maisha yangu yote na sijawahi kuuliza.

Mizani ya muuza nyama

Jumamosi iliyofuata niliazima mizani ya ndoano kwa muuza nyama jirani, ile yenye sindano, inayoishia kilo 25. Mwenye chukudu alikuja na chombo chake, na wanafunzi wangu wanne wakaja kwa sababu waliambiwa kutakuwa na viazi. Tulipakia mawe hadi uzito ukakaribia wa siku ile, mwenyewe akapanda, tukafunga kamba kwenye mizani, na mizani kwenye chukudu. Nitaandika nguvu kwa kilo, kama sindano ilivyosema. Walimu wenzangu wanaotaka nyutoni wazidishe kwa 9.8 na waniache.

Kwenye lami tambarare, vijana wawili walivuta chukudu kwa mwendo wa kutembea. Sindano ilitetemeka kati ya 6 na 8. Tuseme 7. Huo ndio msuguano wa kubingirika: mpira unaobonyea chini ya uzito na kurudi, ekseli inayosugua, vijiwe vya barabarani. Kilo 350 zinavutwa kwa nguvu ya kilo 7! Mmoja wa wanafunzi alikataa kuamini, akashika kamba mwenyewe.

Mwanzo wa kuvuta ndio ulionifundisha zaidi. Mara ya kwanza vijana walivuta kwa pupa, na sindano iliruka hadi 22 kabla ya kushuka na kutulia kwenye 7. Niliwaambia warudie polepole, kama mtu anayevuta blanketi kwenye kitanda cha mtoto aliyelala. Safari hii sindano ilipanda hadi 10, ikarudi 7. Barabara ni ileile, mawe ni yaleyale, mpira ni uleule. Zile 10 ni msuguano: kitu kilichotulia hung'ang'ania zaidi kidogo kuliko kinachokwenda. Lakini zile 12 zilizozidi, kutoka 10 hadi 22, hazikutoka kwenye barabara. Zilitoka kwenye pupa yao. Kilo 350 zilizosimama hazina haja ya kwenda, na ukitaka ziende upesi unalipa zaidi ya anayetaka ziende taratibu. Hiyo ndiyo inesha. Shuleni kwetu tuliikariri kwa Kifaransa na tukafaulu mtihani tukidhani ni jina jingine la uzito.

Mimi siku hizi naiita bei ya haraka. Si tafsiri ya kitabu, najua. Lakini inasaidia kuona kwamba inesha haidai kitu kwa mwendo wenyewe, inadai kwa kubadilisha mwendo tu, na deni hukua kadiri unavyotaka mabadiliko yaje haraka.

Kisha breki. Tuliinua gurudumu la nyuma juu ya jiwe likazunguka hewani, tukazungusha kamba kwenye ukingo wake, tukamwambia mwenyewe akanyage kama anavyokanyaga njiani, mguu mmoja, mikono usukanini. Tukavuta. Kabla gurudumu halijazunguka sindano ilipita 18, na likizunguka ilikaa kwenye 18. Tukamwaga kopo la maji juu ya mpira na kurudia. Kati ya 10 na 11.

Mwenye chukudu aliiangalia ile sindano muda mrefu. "Maji peke yake?" Maji peke yake. Mpira mkavu juu ya mpira mkavu hushikana vizuri mno. Utando mwembamba wa maji yaliyochanganyika na vumbi ukiingia kati, sehemu kubwa ya mshiko huo huondoka.

Kipimo cha mwisho kilikuwa mteremko. Mwashi mmoja alitupa ubao wa mita 2 na pima maji. Tulilaza ncha moja ya ubao barabarani pale alipoanza kukanyaga, tukainua ncha ya chini hadi kiputo kikakaa katikati, tukapima pengo: sentimita 10. Sentimita 10 kwa mita 2 ni 5 kwa 100. Mteremko wa namna hiyo huvuta kitu kuelekea chini kwa nguvu ya sehemu 5 kwa 100 za uzito wake. Kwa kilo 350 ni 17 na nusu.

Hesabu iliyosawazika

Sasa kaa naye juu ya ubao. Mlima unakusukuma mbele kwa 17 na nusu. Magurudumu yanakurudisha nyuma kwa 7. Inabaki 10 na nusu, na ndiyo inayokuongezea mwendo. Unakanyaga breki. Lami ikiwa kavu, breki inaleta 18, unashinda kwa 7 na nusu, na chukudu inapungua. Si kwa haraka: kwa mwendo wa mtu anayekimbia, tuseme mita 5 kwa sekunde, nilipata utasimama baada ya mita 60 hivi. Mita sitini, siku nzuri! Ndiyo maana wenye chukudu hupiga kelele mapema kuliko madereva.

Asubuhi ya manyunyu breki inaleta 10 na nusu.

Mlima unatoa 10 na nusu, breki inarudisha 10 na nusu. Hakuna kinachobaki. Na hapa ndipo watu wengi hukosea, hata waliosoma: kwamba nguvu zikisawazika, kitu kitasimama. Hapana. Kitu kilichotulia kitaendelea kutulia, na kinachokwenda kitaendelea kwenda, kwa mwendo uleule, moja kwa moja mbele. Galileo alilikaribia jambo hili kwa kubingirisha mipira kwenye mbao zilizoinama, na Newton akaliandika mwaka 1687 likiwa sheria ya kwanza kati ya zake tatu. Kwa kawaida ni vigumu kuliona, kwa sababu msuguano huficha: ukiacha kusukuma toroli, linasimama, na jicho linakuambia kwamba kusimama ndiyo asili ya vitu. Kwenye mteremko wa Munigi, chini ya mtu aliyekanyaga breki kwa nguvu zake zote, sheria ile ilijionyesha uchi. Chukudu haikuongeza mwendo wala kupunguza.

"Njo vile ilikuwa," alisema. "Ni kama nilikuwa sijakanyaga."

Lakini alikuwa amekanyaga. Asingekanyaga, zile 10 na nusu zingemwongezea mwendo kila sekunde na angeifikia taksi basi akiwa katika hali mbaya zaidi. Breki ilifanya kazi yote iliyokuwa nayo. Kwa hiyo kauli ya kwanza, kwamba breki ilikataa, niliikataa mimi.

Nishati iliyokuwa ikipotea pale nayo ilikuwa ikienda mahali. Kilo 350 zikishuka mita 50 wima bila kuongeza mwendo, lazima breki na magurudumu vimeze joto linalotosha kuchemsha nusu lita ya maji ya chai, na kwa Goma, karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ndiyo ile harufu ya mpira ulioungua inayomtangulia mwenye chukudu siku za jua.

Kauli ya dereva ilikuwa nzuri kuliko nilivyotaka iwe, maana alisimama vibaya na sikupenda kumpa haki. Aliposema mzigo ulimvuta, alisema kweli kwa breki ya namna hii. Mguu wa mtu unakanyaga kwa nguvu zilezile awe amebeba gunia moja au matano, lakini mlima huvuta kwa kadiri ya mzigo. Kwa magunia mawili, mlima ungebakiwa na 8 dhidi ya 10 na nusu za breki iliyolowa: angepungua, na kusimama baada ya mita 140 hivi. Kwa gunia moja, angesimama baada ya mita 50 hivi. "Ungebeba nusu" haikuwa maneno ya bure.

Fundi mmoja aliyekuwa akitutazama alipendekeza kipande cha tairi kipana mara mbili. Ni wazo linalomjia kila mtu. Amontons, Mfaransa, alionyesha mwaka 1699 kwamba msuguano hufuata nguvu inayobana vitu viwili pamoja, na upana wa mahali vinapogusana hauna neno kubwa. Mpira una ukaidi wake na hauitii sheria hiyo kikamilifu, lakini upana mara mbili hautaleta 18 kuwa 36. Utachelewesha kuchakaa tu. Kinachosaidia ni kurefusha wenzo wa kukanyagia, ili mguu uleule ubane zaidi. Fundi alisema atafikiri. Mafundi wetu wakisema hivyo wanamaanisha hapana.

Gunia la juu

Mama mdogo alikuwa na shtaka lake, na lilihitaji kujibiwa peke yake.

Alama ya gurudumu kwenye changarawe ilikuwa na urefu wa mita 2. Ndani ya mita hizo chukudu ilitoka mita 5 kwa sekunde hadi sifuri. Watu waliosimama pale walisema gunia "lilirushwa". Na nani? Hakuna aliyelisukuma kutoka nyuma. Gunia lilikuwa likienda mbele tangu Kibumba. Kilichosimama ni chukudu iliyokuwa chini yake. Abiria wa taksi basi wanaoinama mbele dereva akikanyaga breki hawasukumwi na mtu. Wanaendelea na safari, kiti ndicho kimebaki.

Ili gunia nalo lisimame ndani ya mita 2, lazima lirudishwe nyuma kwa nguvu ya karibu theluthi mbili za uzito wake. Kwa kilo 80, ni 51. Ni nani alikuwa wa kutoa nguvu hiyo? Msuguano wa gunia juu ya gunia kwanza. Tulijaza gunia la nailoni kilo 40, tukalilowesha, tukaliweka juu ya jingine na kulivuta kwa mizani: liliteleza kwenye 13, theluthi moja ya uzito. Kwa kilo 80 ni 26. Kumi na mbili kasoro, sivyo? Hapana, 25 kasoro. (Nilikosea hesabu hii mbele ya wanafunzi, na hawajaacha kunikumbusha.)

Hizo 25 zilikuwa juu ya kauchu, ile kamba ya mpira wa ndani wa tairi inayofungia kila mzigo hapa mjini. Nilivuta kauchu ileile kwa mizani hadi 25. Ilirefuka karibu mkono mzima. Kwa maneno mengine, kabla kauchu haijaanza kulishika gunia kwa nguvu iliyotakiwa, gunia lilikuwa limeshateleza nusu mita, limepata mwendo wake juu ya yale mengine, na limefika ukingoni. Kauchu inafaa sana kwa mitikisiko, inakubali na kurudi. Kwa kusimama ghafla, inakubali mno.

Kwa hiyo alifunga vibaya? Alifunga kama wote wanavyofunga. Na lile la gunia zito juu halina nguvu ambayo mama mdogo aliipa. Gunia zito linataka nguvu zaidi kusimamishwa, ni kweli, lakini pia hujibana zaidi kwenye gunia la chini, na msuguano wake hukua kwa kiasi kilekile. Vyote viwili vinapanda pamoja. La kilo 30 lingeteleza pia kwenye jiwe lile; tofauti ni kwamba kauchu ingelikamata mapema. Nilimweleza hivyo. Alinitazama kama anavyomtazama mteja anayeshusha bei ya viazi mpaka aibu.

Tulipofika kwa mwenye chukudu mwenyewe

Nilikuwa na ushauri tayari, na nilijivunia kidogo. Msuguano wa vitu vinavyoteleza haujali sana mwendo. Coulomb, Mfaransa mwingine, alilisema karne ya 18 na kwa mahitaji ya barabarani linatosha. Kwa hiyo zile 10 na nusu zitasawazika na mlima ukiwa unakimbia au unatambaa. Breki iliyolowa haitakupunguza, lakini pia haitakuacha uongeze. Mwendo utakaoingia nao juu ndio utakaotoka nao chini. Basi, kaka, siku ya mvua ingia mteremko ule ukiwa polepole, polepole kabisa, na breki itakushikilia hivyo hadi chini.

Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Mwalimu, hiyo najua. Mvua ikinyesha mimi sipandi pale. Nashuka, naikamata kwa usukani, natembea nayo mpaka ule mti mkubwa, halafu njo napanda. Wote tunafanya vile."

Nilimuuliza kwa nini basi siku ile alipanda.

Hakujibu. Alitoa simu mfukoni, ile ndogo ya vitufe, akafungua orodha ya simu zilizopigwa, akanipa. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi jina la mama mdogo lilikuwepo mara nne. Nilipompelekea habari hiyo sokoni alikuwa anapanga viazi kwenye mabeseni, vikubwa juu, kama kawaida yao. Alisema wateja wa saa moja hawasubiri. Kisha akasema ni mara tatu, si nne, moja ulikatika mtandao.

Alilipa usafirishaji wote. Akakata bei ya beseni moja, kwa ajili ya viazi vya watoto.